Matairi Mawili Mapya na Kilima cha Mama Mkwe

Masika ile nyumbani kulikuwa na fedha za matairi mawili, na gari linatembelea manne. Yaliyotupata njiani yote yalitokana na hesabu hiyo.

Wifi yangu mdogo alikuwa anaolewa kijijini kwao, juu Usambara, mbele ya Lushoto. Sisi tulioko Tanga mjini tulipangiwa mchele, sukari, mafuta ya kupikia na masufuria makubwa, na juu ya hayo tuchangie fedha za kamati. Ada za shule zilikuwa zimepita humo humo. Kwa hiyo mume wangu alipoinama kuikagua IST yetu na kukuta matairi ya mbele yameshakuwa vipara, alirudi kibarazani na kalamu, akapiga hesabu, akafuta, akapiga tena, kisha akasema, "Mama Shani, mwezi huu ni mawili tu."

Idadi sikuibisha. Fedha kama haipo, haipo. Tulichobishania mpaka taa zikazimwa ni mahali pa kuyafunga.

Hoja yake ilikuwa nzito, na ninaieleza kama alivyoieleza yeye kwa sababu wenye magari kama letu wengi wanaiamini hivyo hivyo. Magari haya madogo yanavuta kwa mbele. Injini imelazwa kwa upana chini ya boneti, giaboksi imeungana nayo ubavuni, na nguvu yote inakwenda kwenye magurudumu ya mbele. Hakuna propela shafti inayopita chini ya sakafu kwenda nyuma, ndiyo maana gari kwa nje ni dogo lakini ndani familia inaenea. Wafaransa wa Citroën walianza kuuza kwa wingi gari la kuvuta mbele tangu mwaka 1934. Mwaka 1959 Waingereza wakatoa Mini yenye injini ya kulazwa, na watengenezaji wengine wakaufuata mpango huo. Corolla za sedani nazo zilihamia huko mwaka 1983. Siku hizi ukinunua gari dogo la familia, kuna kila dalili kwamba linavuta mbele, hata kama hujawahi kuuliza.

"Sasa tazama kazi ya hayo mawili," akaniambia. Gari likiwa tupu, asilimia kama 60 ya uzito wake iko mbele. Matairi ya mbele ndiyo yanayolivuta. Kona yanakata yenyewe. Ukikanyaga breki gari linainamia mbele, kwa hiyo hata kusimama, sehemu kubwa yanayosimamisha ni hayo hayo. Ya nyuma yanafuata tu. "Anayekwenda shamba ndiye anayenunuliwa viatu," akamaliza, na hapo akajiona ameshinda.

Mimi nilikuwa nimeyaona ya nyuma kwa karibu, kwa sababu gari naliosha mimi. Ukichungulia ndani ya mfereji wa tairi, kati ya kashata na kashata, utakuta vijidaraja vidogo vya mpira vinavyokatiza mfereji. Pembeni mwa tairi, usawa wa kijidaraja, kuna alama ya pembetatu au herufi TWI za kukuonyesha kilipo. Kimo cha kijidaraja hicho ni milimita 1.6. Tairi jipya la gari dogo lina mfereji wa kina cha milimita kama 8, na katika nchi za Ulaya sheria inasema kashata likilingana na kijidaraja, tairi limekwisha, litoke barabarani. Nilipitisha ukucha juu ya kashata la tairi letu la nyuma, nikaushusha kwenye kijidaraja. Haukushuka. Ulipita tu, na palikuwa sawasawa.

Tena pembeni palikuwa na tarakimu nne ndani ya umbo la yai: 3614. Maana yake tairi lile lilitoka kiwandani wiki ya 36 ya mwaka 2014. Wengi tunanunua matairi ya mtumba kwa kuangalia kashata peke yake na hatuzitafuti tarakimu hizo. Mpira unazeeka hata usipotembea. Jua linaukausha, unakuwa mgumu, na ulaini ule wa kushika barabara unapungua mwaka hadi mwaka.

"Na haya nayo yamechoka," nikamwambia.

"Yamechoka, lakini hayana kazi."

Fundi wa duka la matairi alikubaliana naye bila hata kuuliza gari linakwenda wapi. Mapya yakafungwa mbele, ya nyuma yakaachwa palepale. Gari likarudi nyumbani linapendeza ukilitazama usoni.

Siku ya safari tulipakia alfajiri. Gunia la mchele lilikaa kwenye buti, sukari juu yake, ndoo za mafuta ubavuni, na masufuria yakafunikwa moja juu ya jingine mpaka kioo cha nyuma kikapotea. Kiti cha nyuma walikaa watoto na shangazi yao, ambaye hakukubali mkoba wake wa nguo za harusi uwekwe mbali na magoti yake. Nilipotazama gari kutoka getini, mkia ulikuwa umekaa chini na pua imeinuka. Mume wangu aliongeza upepo wa nyuma kwenye kituo cha mafuta, na hilo alifanya vyema, kwa sababu gari lililojaa mizigo halitumii upepo wa gari tupu.

Mvua ilitukuta Muheza. Si mvua ya kutisha, ni ile ya masika ambayo ikishaanza haina haraka ya kwisha. Tulikuwa hatujafika Segera, tunateremka kidogo kwenye kona, na maji yalikuwa yametuama upande wetu wa lami. Hatukuwa kwenye mwendo wa kukimbizana na mtu. Mume wangu akaona maji yanang'aa, akaachia mafuta.

Mkia ukatoka. Sina namna nyingine ya kulieleza. Pua ya gari ilikuwa inakwenda ilikoelekezwa, mkia ukaamua kwenda kwake. Nikaona miti iliyokuwa ubavuni inapita mbele ya kioo, nikasikia masufuria yanagongana, shangazi akiita jina la Mwenyezi Mungu, na mume wangu anazungusha usukani kuelekea mkia ulikokwenda, kisha kuurudisha. Tulisimama kwenye majani ya upande wa pili wa barabara, tumetazama tulikotoka. Hakuna gari lililokuwa linakuja. Hakuna aliyeumia. Watoto walikuwa kimya kabisa, jambo ambalo kwetu ni nadra, nami nikashuka kuwapapasa mmoja mmoja kichwa na mikono, mvua inaninyeshea.

Mume wangu alizunguka gari akayashika matairi ya mbele, mapya, yamejaa maji kwenye mifereji. Akayatazama muda mrefu. Akasema, "Lakini haya hayakuteleza." Ni kweli, hayakuteleza.

Aliyetufungulia jambo hilo ni fundi pancha mmoja wa Korogwe, mzee mwenye kofia ya sufu, aliyekaa na ndoo yake ya maji na bomba la upepo pembeni mwa barabara kuu. Tulisimama kwake ili aangalie kama ringi imepinda. Alisikiliza, akainama nyuma, akainama mbele, akatikisa kichwa.

"Nani amewafungia hivi?"

Hatukumtaja mtu. Naye hakusubiri.

Tairi likikanyaga maji, alisema, kazi yake ya kwanza ni kuyafukuza. Mifereji ndiyo njia ya kuyatoa. Mfereji ukiwa umekwisha, maji hayana pa kupita, yanajazana mbele ya tairi, yanaingia chini yake, na tairi linaelea. Haligusi tena barabara. Matairi yenu mapya yalifika kwenye yale maji yakayakata, na dereva hakuhisi kitu, kwa sababu usukani unaleta habari za mbele tu. Ya nyuma yakafika yakaelea. Dereva akaachia mafuta, uzito ukakimbilia mbele, mkia ukazidi kuwa mwepesi.

"Mbele ikiteleza unaambiwa," akamwambia mume wangu. "Usukani unakuwa mwepesi, gari linakwenda moja kwa moja, unaachia mafuta taratibu na mbele inapata ardhi. Nyuma ikiteleza unachukuliwa. Huambiwi."

Baadaye nimekuta kwamba ndivyo watengenezaji wa matairi wenyewe wanavyoelekeza: mtu akinunua matairi mawili tu, mapya yakae nyuma, gari liwe la kuvuta mbele au la kusukuma nyuma. Sababu yao ni hiyo hiyo ya yule mzee. Dereva wa kawaida, mwenye watoto ndani na mvua kwenye kioo, anaweza kulimudu gari linalogoma kukata kona. Gari linalozunguka hana muda nalo. Nasikitika kila ninapopita gereji na kuona mapya yakifungwa mbele kwa nia njema, kwa sababu nia ile ile ilikuwa ya mume wangu, na inatokana na kuielewa kazi ya matairi ya mbele. Kinachosahaulika ni kwamba ya nyuma nayo yana kazi, ya kulishikilia gari lisigeuke, na kazi hiyo haionekani mpaka siku yanaposhindwa.

Mume wangu hakusema neno. Alitoa jeki mwenyewe, akalegeza nati mwenyewe, na yule mzee akamsaidia kuhamisha: mapya yakaenda nyuma, yale ya 3614 yakaja mbele. Kabla hatujaondoka mzee akamwita tena.

"Mnakwenda wapi?"

"Lushoto, kisha ndani kidogo."

"Kuna tope?"

Mume wangu akanitazama. Mzee akasema tu, "Haya. Kwenye lami mtakuwa salama."

Hapo ndipo ubaya wa matairi mawili unapokamilika. Ukiyaweka mbele, mkia unakutoka kwenye mvua. Ukiyaweka nyuma, yale yanayolivuta gari ndiyo yaliyokwisha. Hakuna kona ya gari ya kuyaficha mawili mabovu.

Kutoka Mombo hadi Soni barabara inapanda kwa kona nyembamba, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, na gari lilikwenda limetulia. Lushoto tulinunua mapeasi. Sina la ziada kuhusu sehemu hiyo isipokuwa kwamba shangazi alianza kuzungumza tena.

Kutoka barabara ya magari hadi nyumbani kwa wakwe zangu kuna kilima kimoja. Si kirefu, ukiwa chini unaiona nyumba na mgomba ulioegemea jiko. Lakini kimesimama, kina kona katikati yenye mtaro upande wa bonde, na udongo wake ni ule mwekundu wa Usambara ambao kiangazi ni mgumu kama sakafu na masika hauna mchezo. Ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Mume wangu aliweka gia ya chini, akaanza kupanda. Gari likafika chini kidogo ya kona, likasimama, injini inalia. Akarudi chini, akaanza kwa kasi zaidi. Likafika palepale, safari hii likaserereka ubavu kuelekea mtaroni, nikamwambia nashuka na watoto wanashuka.

Nikasimama upande wa kushoto, kanga nimeipandisha, nikatazama. Gurudumu la kushoto lilikuwa linazunguka kwa kasi, udongo unaruka mpaka kwenye kioo cha mlango. Nikazunguka upande wa kulia. Gurudumu la kulia lilikuwa limetulia kabisa, maandishi ya pembeni yake unayasoma, ile 3614 naiona. Hiyo ni kazi ya difu. Difu imewekwa ili kwenye kona gurudumu la nje liweze kuzunguka zaidi ya la ndani, na bila hiyo gari lisingekata kona vizuri. Lakini gurudumu moja likikosa pa kushika, nguvu haipatikani hata kwa lile lenye pa kushika, kwa maana difu ya kawaida haiwezi kulipatia la pili zaidi ya lile dhaifu linavyoweza kupokea. Ukizidisha mafuta unazidisha kasi ya lile linaloteleza. Nalo kadiri linavyozunguka ndivyo linavyousugua udongo mpaka uwe laini, na zile kashata kidogo zilizobaki zilishajaa tope. Tairi lilikuwa duara tupu la udongo.

"Baba Shani, acha kukanyaga," nikamwambia. "Unalichimbia."

Watu walishakusanyika. Vijana wa bodaboda walifika wa kwanza. Mmoja alikata majani mabichi ya mgomba akayatandika mbele ya magurudumu, na gari likayapitia likateleza vibaya kuliko mwanzo, kwa sababu jani bichi la mgomba na maji ni utelezi juu ya utelezi. Mwingine akashauri minyororo. Ushauri mzuri, malori ya mboga ya kule hufunga minyororo masika, ila hatukuwa nayo, na ya lori haienei kwenye tairi la IST. Wawili wakataka kukaa juu ya boneti ili mbele pawe pazito. Mawazo yao yalikuwa sahihi kabisa, na mume wangu alikataa, nami nilifurahi alipokataa. Mtu akiteleza kutoka juu ya boneti anaangukia mbele ya magurudumu.

Kisha baba mkwe akateremka na mkongojo wake. Tukamwamkia palepale topeni. Yeye enzi zake aliendesha Peugeot 504 ya abiria kati ya Mombo na Lushoto, ile ndefu ya viti vya nyuma viwili, na hana heshima na gari linalovuta mbele.

"Peugeot ilikuwa inasukuma kwa nyuma," akawaambia vijana. "Ikijaa watu ndiyo inapanda. Tupu inateleza, imejaa inapanda. Nilikuwa nawaambia abiria wanene wakae kiti cha mwisho."

Alikuwa anasema kweli. Gari likielekea mlimani, uzito unalalia nyuma. Kwa Peugeot yake hiyo ilikuwa neema, maana magurudumu ya kazi yako nyuma na abiria wamekaa juu yake. Kwetu ilikuwa kinyume: gunia la mchele kwenye buti, kilima kinaegemeza gari nyuma, na mbele panazidi kuwa pepesi wakati ule ule tunapotaka pawe pazito.

"Lakini baba," mume wangu akasema, "si magari ya mbele nayo yamekimbia Safari Rally?"

Hapo mzee akasahau mvua. Akawasimulia vijana habari za Erik Carlsson, Mswidi, na Saab yake ya kuvuta mbele, katika Safari ya mwaka 1964. Alinasa kwenye tope, gari halitoki mbele wala nyuma. Basi yeye na mwenzake wakaisukuma ubavuni, ikalala, ikabiringika, ikasimama tena kwa magurudumu pahali pagumu, wakaingia wakaendelea. Wakamaliza nafasi ya pili. Gari lilikuwa la mviringo mgongoni, dogo, na Carlsson alikuwa pande la mtu, mzee akaeleza kwa mikono. Vijana wakaitazama IST kwa jicho jipya, na nikaona mmoja anaenda kushika ukingo wa chini wa mlango.

"Mnataka kulibiringisha na mchele wangu ndani?"

Alikuwa mama mkwe. Amekuja na mwavuli, kanga mbili, miguu mitupu, hatelezi. Tukamwamkia. Akaitikia akiwa anaangalia gari, si sisi.

Mama mkwe wangu hajawahi kushika usukani. Lakini baraza lake linatazama kilima kile, na miaka yote ya ndoa yake amekaa pale akichambua maharage na kutazama nani anapita na nani anakwama. Anajua Land Rover zipi zilipanda na zipi ziliacha bampa mtaroni. Anajua pikapu za kabichi zikishuka zimejaa huwa zinakaa upande gani.

"Geuza," akamwambia mwanawe.

"Nigeuze nirudi wapi, mama?"

"Geuza upande kinyumenyume. Mwalimu ana gari kama hili. Kila mvua anafika hapo chini kwenye mparachichi, anageuza, anapanda amewapa mgongo watu. Zamani nilikuwa nadhani ana sababu zake. Kisha nikaona kila akijaribu kwenda mbele anakwama na kila akienda kinyume anafika. Na mizigo ya nyuma huwa anaitoa kwanza."

Baba mkwe alifungua mdomo. Akaufunga.

Mimi niliposikia nilijua pale pale kwamba ndivyo, kwa sababu maneno ya mzee kuhusu Peugeot yalikuwa bado masikioni. Uzito unalalia upande wa chini. Likipanda kwa mbele, upande wa chini ni buti. Likipanda kwa rivasi, upande wa chini ni injini, na magurudumu yanayofanya kazi yako chini ya injini. Tena yale yaliyokuwa yanavuta sasa yanasukuma. Kila kilo iliyokuwa inatukimbia ikawa imerudi mahali pake, bila kuongeza hata shilingi.

Basi kazi ikagawanywa. Masufuria yalipandishwa vichwani na wanawake waliokuwa wanapika, wakitucheka kwa upendo. Gunia la mchele vijana walilitoa kwenye buti, wakaliweka mbele kwenye kiti cha abiria, sukari miguuni pake. Shangazi akapanda kwa miguu, mkoba kifuani. Mume wangu akapunguza upepo wa matairi ya mbele mpaka yakaonekana yametanuka kidogo chini, ili mpira mwingi zaidi uguse ardhi. Ni jambo la kufanya topeni tu na kwa mwendo wa polepole, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likipelekwa kwenye lami kwa kasi linapata joto na kuharibika. Mtoto wetu wa kwanza akachokoa tope kwenye mifereji kwa kijiti. Mama mkwe aliagiza majani makavu ya mgomba na magunia mawili chakavu, yakatandikwa kwenye mapito ya magurudumu pale konani, si mabichi.

Mume wangu akageuza chini ya mparachichi. Akaweka R, akageuza kiwiliwili chote, mkono mmoja nyuma ya kiti, akaanza.

Kuendesha kinyumenyume kilimani kuna ugumu wake, maana magurudumu yanayogeuka yako nyuma ya safari na pua inayumba kuelekea usikotaka. Mtoto alitangulia juu akipaza sauti, "Kulia baba! Kulia kwako! Nyoosha!" Chini ya kona mkia ulianza kuelekea mtaroni. Nilidhani atakanyaga mafuta. Hakukanyaga. Aliliachia lirudi chini kidogo, akalinyoosha, akaanza tena kwa mguu ule ule, mwepesi, bila kuuongeza wala kuutoa. Niliyatazama magurudumu. Yote mawili yalikuwa yanazunguka pamoja, polepole, na tope likitoka chini yake limechorwa mistari badala ya kusuguliwa. Magunia yalivutwa chini ya tairi, yakakunjamana, yakabaki nyuma. Kona ikapita. Kisha gari likaingia uani kwa mgongo, buti likitazama jiko, na wanawake wa jikoni wakapiga vigelegele ambavyo bibi harusi mwenyewe alitoka kuja kuona ni vya nini.

Harusi ilikuwa njema na wali ulitosha. Mvua ilikatika, jua likakausha kilima, na siku ya kuondoka upepo ulirudishwa kwa pampu ya mguu ya jirani, ukaja kupimwa vizuri Lushoto kabla ya kuzikabili zile kona za kuteremka Soni. Kuteremka na matairi mazuri nyuma ni raha. Gari likiinamia bonde, mkia mwepesi, ndipo unapoyataka nyuma yaliyo imara kabisa.

Tulipofika Tanga mume wangu aliahirisha redio aliyokuwa ameichagua kwa ajili ya gari, akaenda kununua mawili mengine ya kipimo kile kile, 185/65R15, na ya aina ile ile, ili yote manne yafanane. Aliandika kwenye daftari kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Kila baada ya kilomita kama 10,000 tunayahamisha, ya nyuma yaje mbele na ya mbele yaende nyuma, kwa sababu gari la kuvuta mbele linakula matairi yake ya mbele upesi na usipoyahamisha utajikuta tena na mawili mazima na mawili yaliyokwisha. Yakihamishwa yanachakaa pamoja. Hilo linataka fedha za manne kwa mkupuo, kwa hiyo nimefungua kibubu cha matairi kabatini, na hakiguswi kwa michango ya harusi ya mtu yeyote, ndugu wala jirani. Kamati zimelalamika. Nimewaeleza kona ya Segera, wakaelewa.

Yale ya 3614 baba mkwe aliyaomba. Alitaka katambuga. Tulimpelekea safari iliyofuata, akayachukua hadi kwa fundi wa sokoni Lushoto, na fundi akayageuza mkononi akayakataa. Haya ni ya radiali, akasema, yana nyaya za chuma ndani, nyuzi zitamtoboa mtu unyayo; yeye anakata ya lori ya zamani yenye nailoni. Tena kashata zenyewe ziko wapi? Mzee akarudi nayo nyumbani amenuna, na mama mkwe ndiye aliyeyapatia kazi. Ameyafukia yamelala pale konani, upande wa mtaroni, akayajaza mawe na udongo ili ukingo usiliwe na maji. Masika iliyopita ukingo haukumomonyoka. Amempigia simu mwanawe kumwambia kwamba hayo mapya yakiisha ayalete yote manne, kwa sababu kuna sehemu nyingine hapo juu ya mparachichi inayotaka kuzibwa, na mwalimu naye ameahidi kuleta ya kwake.